Alice Lakwena: Aliyepiga vita uchawi, akaishia kuitwa mchawi

Kama umewahi kupanda basi la usiku kwenda Kampala, Malaba unaijua. Foleni ya malori inaanza mbali, kabla hata hujaona lango la forodha. Madereva wamelala chini ya trela, vijana wa kubadilisha pesa wanakukimbilia na vitita vya shilingi za nchi mbili, na mama wa ndizi ashakuita kastoma kabla hujagusa ardhi. Ukiteremka kusini hadi Busia, mambo ni yale yale. Sasa ondoa picha hiyo yote kichwani. Katikati ya Desemba 1987 barabara hizi zilinyamaza. Askari wa Kenya na wa Uganda walikuwa wamefyatuliana risasi pale Busia, mpaka ukafungwa, na watu waliozoea kuvuka kununua sukari wakajifungia ndani. Ilibidi Rais Moi na Rais Museveni wakutane Malaba tarehe 28 Desemba ili kuupoza moto.

Siku hizo hizo za Krismasi, mwanamke mmoja wa miaka 31 alivuka kutoka Uganda akaingia Kenya bila karatasi yoyote, akiwa na wafuasi wachache tu. Wiki chache nyuma alikuwa akiongoza jeshi la maelfu ya watu lililokaribia kufika Jinja. Jina lake alilopewa na wazazi ni Alice Auma. Wewe labda umemsikia kwa jina la Alice Lakwena.

Muulize mzee yeyote wa Amagoro au Busia mjini, atakupa stori ya mafuta yanayozuia risasi na mawe yanayolipuka kama bomu. Kisha atamalizia kwa kukwambia kwamba yule mama alikuwa mchawi. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalisema karibu hivyo hivyo, yakamwita kuhani wa vuduu. Lakini soma kanuni za jeshi lake na utashangaa. Ya kwanza kabisa ilikataza hirizi. Ukikutwa na hirizi mfukoni, huna nafasi kwa Lakwena. Basi ilikuwaje mtu aliyeanzisha vita dhidi ya uchawi akumbukwe kama mchawi?

Tuanzie kwao. Alice alizaliwa mwaka 1956 huko Bungatira, karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi. Baba yake, Severino Lukoya, alikuwa mwalimu wa dini. Alice alisoma shule ya msingi, akaolewa, hakupata mtoto, ndoa ikavunjika. Akaolewa tena, mambo yakawa yale yale. Unajua jinsi mtaa unavyomwangalia mwanamke wa namna hiyo, na miaka hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akahamia Opit, kituo kidogo cha reli, akawa anauza samaki na unga na mwanamke mwenzake. Hadi hapo huoni chochote cha ajabu. Wanawake kama yeye wamejaa soko la Busia leo hii.

Tarehe 25 Mei 1985 alipatwa na kitu. Hakusikia, hakusema. Baba yake alimzungusha kwa waganga 11, mmoja baada ya mwingine, na wote wakashindwa. Ndipo ikasemekana amepandwa na roho iitwayo Lakwena, neno ambalo kwa Kiacholi ni mjumbe. Roho yenyewe si ya babu wa ukoo wala ya mlima. Ilikuwa ya mwanajeshi Mwitaliano aliyezama kwenye mto Naili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza! Alice akaenda Paraa, kwenye mbuga ya maporomoko ya Murchison, akakaa huko siku 40. Wafuasi wake wanasimulia kwamba aliwahoji wanyama na maji kuhusu vita na umwagaji damu, vyote vikajibu kwamba havina hatia, mwenye hatia ni binadamu. Aliporudi Opit, akaanza kutibu watu.

Hapa lazima nikusimamishe kidogo, maana bila jambo hili stori nzima itakupotea. Kwa Kiswahili tuna mganga na tuna mchawi, na mtoto wa darasa la tatu anajua si kitu kimoja. Mmoja anatibu, mwingine anaroga. Waacholi nao wana ajwaka anayetibu na lajok anayedhuru. Okot p'Bitek, yule mshairi wa Wimbo wa Lawino, aliyafafanua haya katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini ya Waluo wa Kati, na alikuwa na hasira kali na wazungu waliochanganya kila kitu kwenye kapu moja la ushenzi. Tatizo ni kwamba hata nyumbani mstari huo si mnene. Anayejua kuondoa sumu anashukiwa kujua kuitia. Ndiyo maana watu humwendea mganga usiku na mchana wakajifanya hawamjui.

Alice aliujua mchezo huo, akakataa kuitwa ajwaka. Yeye alikuwa mjumbe wa Mungu, alitibu kwa maji na sala, na aliwaona waganga wa kawaida kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Na ugonjwa gani huo? Kumbuka mwaka. Januari 1986 Museveni aliingia Kampala, na wanajeshi Waacholi waliokuwa wakitawala miezi michache kabla walikimbia kurudi kaskazini. Walirudi na bunduki, na walirudi na damu. Wengi walikuwa wamepigana Luwero, ambako raia wengi mno waliuawa. Kwa Waacholi, aliyeua mtu hawezi kuingia nyumbani hivi hivi. Roho ya aliyeuawa, wanaiita cen, humfuata, ikaleta wazimu, magonjwa na vifo hadi kwa watoto wake. Kama wewe ni Mjaluo, neno chien unalijua, na ni ndugu ya hilo. Mtaalamu Mwingereza Evans-Pritchard, aliyepita Nyanza mwaka 1936, aliandika makala kuhusu kisasi cha roho hizo kwa Wajaluo wa Kenya, ikachapishwa 1950. Zamani kulikuwa na mila ya kumsafisha aliyeua. Lakini utawasafisha vipi vijana maelfu kwa mpigo, ambao wengine hata hawakujua wameua wangapi? Wazee walishindwa. Vijana wakadharau wazee. Watu wakaanza kufa, kwa risasi za jeshi jipya, kwa njaa, kwa UKIMWI uliokuwa ndiyo unaingia, na kila kifo kikatafutiwa jirani aliyekisababisha.

Usiwacheke. Evans-Pritchard huyo huyo ndiye aliyeandika mwaka 1937 kitabu maarufu kuliko vyote kuhusu uchawi, juu ya Waazande wa Sudan na Kongo. Alichogundua ni rahisi kukieleza ukiwa Malaba. Tuseme lori limekatika breki, likaua mwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Kila mtu pale anajua breki zimekatika, hakuna mjinga. Lakini mwenye kibanda alikuwa amekaa hapo miaka kumi. Kwa nini lori hilo, saa hiyo, na kwa nini yeye, wakati jirani yake alikuwa ameenda kuchota maji? Fundi wa magari hana jibu la swali hilo. Wewe utasema bahati mbaya, mwenzako mapenzi ya Mungu, na Mzande angesema uchawi. Mfano wa Evans-Pritchard ulikuwa ghala la nafaka lililoliwa na mchwa likawaangukia waliokaa kivulini, ila hoja ni hiyo hiyo. Uchawi haushindani na fundi. Unajibu swali ambalo fundi haliulizi.

Sasa wape watu swali hilo mara elfu kwa mwaka mmoja, uone kitakachotokea. Hicho ndicho kilichotokea Acholi mwaka 1986.

Tarehe 6 Agosti mwaka huo, Lakwena alimwamuru Alice aache kutibu mtu mmoja mmoja. Kazi hiyo haikuwa na maana tena kama watu waliendelea kuuana na kurogana. Akaunda jeshi la Roho Mtakatifu, akaanza kuwasafisha wanajeshi waliokuwa wamekataliwa na nyumba zao. Walivua hirizi zao na kuzichoma moto, wakapakwa mafuta ya moo yaa na udongo mwekundu, wakatangazwa wapya. Fikiria wewe ni kijana wa miaka 22, una damu mikononi, mama yako anakuogopa, wazee wamekukimbia, na jeshi jipya la serikali linakutafuta. Anatokea mwanamke anakwambia unaweza kuwa safi. Mimi nadhani hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Mafuta ya kuzuia risasi yalikuja baadaye.

Kanuni zilikuwa 20. Hakuna hirizi, hata kijiti cha mswaki hakiruhusiwi mfukoni. Hakuna sigara, pombe, wizi wala uzinzi. Hakuna kusalimiana kwa mkono. Vitani hakuna kujificha nyuma ya mti wala kichuguu. Kanuni ya mwisho ilitaka kila mwanamume awe na korodani mbili, si zaidi wala pungufu, na usiniulize ilikaguliwaje. Roho nyingine nazo zilijitokeza, kila moja na kazi yake. Kulikuwa na mmoja kutoka Marekani aliyeitwa Wrong Element, mkali kama jina lake, na mwingine wa kutoka China au Korea aliyeitwa Ching Po, wa mambo ya mawe yanayolipuka.

Wanajeshi walisonga mbele wamesimama wima, vifua wazi, wakiimba nyimbo za kanisani. Mwishoni mwa 1986 pale Corner Kilak, wanajeshi wa serikali waliwaona wanakuja hivyo na wakatimua mbio. Ukiona mtu anakuja kwenye bunduki yako akiimba, nawe ungefikiri mara mbili. Sifa zikaenea kama moto wa kiangazi, na mtu msomi kama Profesa Isaac Newton Ojok, aliyekuwa waziri wa elimu wa Obote, akajiunga naye.

Lakini watu walikufa, tena wengi. Na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu na wale wanaomfanya Alice shujaa tupu. Risasi ilipompata kijana, jibu lilikuwa tayari: amevunja kanuni. Alijificha nyuma ya mti, au alikuwa na hirizi, au alilala na mwanamke. Ukipona, kanuni zimefanya kazi. Ukifa, kosa ni lako. Evans-Pritchard aliuona mzunguko huo huo kwa Waazande, ambao waliuliza maswali kwa kumpa kuku sumu. Sumu ikidanganya, basi sumu yenyewe imerogwa. Hakuna siku imani inashindwa. Tofauti ni kwamba kwa Waazande alikufa kuku.

Halafu kuna jambo jingine. Anayetafuta wachawi atawapata tu. Alice alikataa uchawi, lakini hakukataa kwamba upo. Alichoma vifaa vya waganga, akawasaka wenye hirizi ndani ya jeshi lake, na kila kushindwa kukaleta msako mpya. Hakuwa wa kwanza. Kule pwani yetu, Kajiwe alizunguka Kilifi miaka ya 1960 akifukua hirizi kwenye nyumba za watu, na wengi walimshangilia. Na maji ya Kinjeketile yaliyotakiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, mwaka 1905, hata wewe uliyelala darasani wakati wa historia unayakumbuka.

Mwaka 1987 jeshi lake liliteremka kusini. Kitgum, Lira, Soroti, kisha Tororo. Simama Malaba siku isiyo na ukungu, utauona mwamba wa Tororo kwa macho yako, na watu wa upande huu waliijua vita hiyo si kwa redio tu. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vivyo hivyo. Mpaka wenyewe ni mstari wa juzi tu. Hadi mwaka 1902 eneo hili la magharibi lilihesabiwa Uganda, kisha Waingereza wakalihamishia upande wa Kenya kwa kalamu. Kwa hiyo wakati wa Lakwena, shangazi yuko vitani na mpwa yuko sokoni Malaba. Wateso wengi wa Uganda walijiunga naye kwa sababu zao wenyewe. Ng'ombe wao walikuwa wameporwa na wavamizi wa Karamoja, na serikali haikuwasaidia. Roho au si roho, walikuwa na hasira.

Alipoingia Busoga mambo yalibadilika. Huko watu hawakuwa na deni naye, hawakumjua, na wengi walitoa habari kwa jeshi la serikali. Mwezi Novemba, karibu na Magamaga, si mbali na Jinja, mizinga iliwamaliza. Nyimbo hazikusaidia. Waliobaki walitawanyika msituni na kwenye mashamba ya miwa.

Inasemekana alikimbilia Kenya kwa baiskeli. Kama ni kweli, ni jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, maana Busia ndiko baiskeli za kuvusha watu kutoka kizuizi hadi kizuizi zilikopata jina la boda boda. Mwanamke aliyeamini ana roho kutoka kila bara upande wake aliondoka vitani kama abiria wa kawaida wa mpakani.

Alikamatwa. Na mashtaka? Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, waliyoiandika wakoloni, inayomwadhibu anayejifanya ana uwezo wa kuroga. Ungetegemea hiyo. Lakini Alice alishtakiwa kuingia nchini kinyume cha sheria, kosa lile lile linalomkumba kijana anayepita njia ya panya na gunia la mahindi. Akafungwa miezi michache. Baadaye akawa mkimbizi, kwanza kambi ya Thika, halafu Dadaab, kule Ifo. Hakurudi kwao akiwa hai.

Huko Acholi pengo lake lilizibwa haraka. Baba yake alikusanya baadhi ya wafuasi, na jamaa mmoja aliyesemekana ni ndugu yake, Joseph Kony, naye akadai ana roho. Ya Kony unayajua, watoto waliotekwa, watu waliokatwa midomo, hati ya kukamatwa ya mahakama ya ICC mwaka 2005. Alice alijitenga naye. Hata hivyo watu wengi huwachanganya, kama vile wanavyochanganya mganga na mchawi. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ndiye aliyekaa chini kutenganisha nyuzi hizo. Kitabu chake juu ya Alice kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1993 na kwa Kiingereza mwaka 1999, na sehemu kubwa ya tunachokijua kumhusu inatoka kwa wale aliozungumza nao, waliokuwa wanajeshi wake.

Pengine unajiuliza kwa nini tujisumbue na jina moja la kumwita marehemu. Kwa sababu neno hilo linaua. Mwezi Mei 2008, kule Kisii, wazee 11 walichomwa wakiwa hai baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Kilifi hadi leo mvi peke yake inatosha kumtia mzee hatarini, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba ambalo wajukuu wanalimezea mate. Sheria ile ile ya 1925 inasema kumshutumu mtu kuwa mchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka malalamiko kwa chifu, polisi au ofisi ya serikali. Ni watu wangapi unaowajua wanaofahamu kifungu hicho? Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, wanahistoria wanakadiria waliouawa kwa tuhuma hii walikuwa kama 40,000 hadi 60,000. Ufaransa ilikuwa na binti aliyesikia sauti, akaongoza jeshi, na mwaka 1431 akachomwa moto pale Rouen. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920. Jeanne d'Arc alisubiri karibu miaka 500. Simwekei Alice taji hilo, kwa sababu ya wale vijana aliowasimamisha wima mbele ya bunduki. Nakuonyesha tu kwamba jina analobaki nalo mtu huamuliwa na waliobaki.

Alice alifariki Ifo tarehe 17 Januari 2007, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa ameishi Kenya miaka 19, mingi zaidi ya ile aliyoishi akiwa maarufu. Mwili wake ulirudishwa Uganda, safari hii ukiwa na karatasi zote, akazikwa kwao Bungatira. Baba yake, Severino, aliyemzungusha kwa waganga 11, alikuwa bado hai.